Altrasaundi ya wiki ya 12 katika kituo kimoja cha Upanga: kipimo kizuri, maelezo mazuri, karatasi mbaya

Huduma ninayoitathmini hapa ni altrasaundi ya uchunguzi wa mimba changa, ile inayofanywa kati ya wiki ya 11 na wiki ya 13 na siku 6, katika kituo binafsi cha vipimo vya picha kilichopo Upanga, Dar es Salaam. Nilimsindikiza mdogo wangu wa tumbo moja, mwenye umri wa miaka 37 na mimba ya tatu, na majibu yake hayakuwa ya kawaida. Ni kwa sababu hiyo ninaandika. Altrasaundi yenye majibu mazuri haifundishi mengi juu ya ubora wa kituo, kwa kuwa karibu kila mahali mama ataonyeshwa mtoto anayecheza, atapewa picha na kuondoka na furaha yake. Kituo hujulikana pale mtaalamu anapoona jambo asilolitarajia, huku mbele yake amelala mwanamke anayemtazama usoni akitafuta jibu. Kwa kigezo hicho nakipa kituo hiki alama za juu sana kwa upimaji na kwa maelezo ya daktari, na alama za chini kwa dirisha la malipo na kwa karatasi ya majibu. Sikitaji kwa jina kwa kuwa nina malalamiko ambayo nimekwisha kuyafikisha kwa uongozi wake, na pia kwa kuwa mengi nitakayoyaeleza yatamfaa mama yeyote, popote atakapopima.

Hatukuanzia Upanga. Mdogo wangu, ambaye hedhi yake haina mpangilio, alipimwa kwanza katika kliniki ndogo iliyo jirani na kwake, akiamini kwamba mimba ilikuwa na wiki 7. Alipimwa juu ya tumbo tu, akaandikiwa kwamba kiinitete kina urefu wa milimita 4, hakina mapigo ya moyo, mimba imeharibika, na arudi kesho yake asafishwe. Alinipigia simu akiwa bado kwenye benchi la kliniki. Nilimwomba asikubali kusafishwa kabla ya kuonwa na mtu mwingine, na hivyo ndivyo tulivyofika Upanga kwa mara ya kwanza.

Daktari wa Upanga alipima kwa kupitia ukeni, njia inayoonyesha mimba changa kwa uwazi zaidi, akapata milimita 5 na hakuona mapigo. Kisha alifanya jambo lililonifanya nikiamini kituo hiki tangu siku hiyo: alikataa kutoa hukumu. Alieleza kwamba kwa kipimo cha kupitia ukeni, mimba haitangazwi kuwa imekufa kwa sababu ya kukosa mapigo mpaka kiinitete kiwe kimefikia milimita 7, na kwamba kifuko cha mimba kisicho na kiinitete ndani yake hakihukumiwi mpaka wastani wa kipenyo chake ufikie milimita 25. Zamani vitabu vingi vilitumia milimita 5 kwa kiinitete na milimita 16 kwa kifuko. Uingereza ilibadili viwango vyake mwaka 2011, baada ya watafiti kuonyesha kwamba viwango vya zamani vingeweza kuifanya mimba iliyo hai ihesabiwe kuwa imekufa, na kwamba wapimaji wawili wanaopima kiinitete kilekile hawapati namba ileile. Nao wataalamu wa Marekani walichapisha mwongozo wao wenye viwango hivyo vya 7 na 25 mwaka 2013. Chini ya viwango hivyo, kinachotakiwa ni kusubiri na kurudia kipimo baada ya siku 7 hadi 10, au zaidi, kutegemea kilichoonekana. Tulisubiri. Tuliporudi, mtoto alikuwa amekua na moyo wake ulikuwa unapiga, na hesabu ya urefu ilionyesha kwamba mimba ilikuwa changa kuliko mdogo wangu alivyodhani.

Sisemi kwamba kila anayeambiwa hakuna mapigo atayakuta akirudi. Wengi hawayakuti, na daktari alilisema hilo waziwazi kabla hatujaondoka. Alisema pia, na hili ningependa kila kituo kilisisitize, kwamba kusubiri ni kwa mama asiye na dalili za hatari: mwenye maumivu makali ya tumbo hasa ya upande mmoja, anayetoka damu nyingi, anayezimia au kuhisi maumivu begani, aende hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu huenda mimba imetunga nje ya kizazi na haina nafasi ya kungoja wiki ijayo. Mama wa namna hiyo asipoteze muda akitafuta kituo chenye mashine nzuri.

Sasa nije kwenye uchunguzi wenyewe wa wiki ya 12. Tofauti yake na altrasaundi ya kawaida ni kwamba hapa mtaalamu hatafuti tu kama mtoto yupo, yuko hai na yuko mmoja. Anapima urefu wa mtoto kutoka utosini hadi matakoni, ambao ndio unaotoa umri wa mimba kwa uhakika mkubwa kuliko tarehe ya hedhi. Anaangalia fuvu, kwa sababu mtoto ambaye fuvu lake halikufunga huonekana tayari katika umri huu. Anaangalia tumbo, mikono, miguu na kibofu. Na anapima unene wa maji yaliyo chini ya ngozi nyuma ya shingo. Kila mtoto katika umri huu ana maji hayo kidogo. Yakiwa mengi kuliko kiasi, huwa ni ishara kwamba huenda kuna hitilafu ya kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya chembe za mwili), moyo au kitu kingine. Ishara hiyo ilielezwa na Kypros Nicolaides na wenzake wa King's College Hospital, London, katika makala yao ya mwaka 1992, na taasisi ya Fetal Medicine Foundation iliyoanzishwa mwaka 1995 ndiyo inayofundisha upimaji wake na kutoa vyeti kwa wapimaji. Mpimaji wa Upanga anacho cheti hicho. Nashauri mama aulize habari zake anapoweka miadi, kwa kuwa jambo hili linategemea mikono ya mtu kuliko ukubwa wa mashine.

Ninalisema hilo kwa sababu niliona jinsi kazi hii ilivyo ngumu. Mtoto anatakiwa awe na urefu wa kati ya milimita 45 na 84, aonekane kwa ubavu katika mstari wa katikati kabisa, kichwa chake na kifua vijaze kioo, na shingo yake isiwe imekunjwa wala kunyooshwa kupita kiasi. Shingo ikinyooshwa sana, kipimo kinaweza kuongezeka kwa milimita 0.6, ikikunjwa, kinaweza kupungua kwa milimita 0.4. Katika kipimo ambacho nusu milimita hutenganisha utulivu na hofu, hayo si mambo ya kupuuza. Tena kuna utando wa chupa ya uzazi ambao, mtoto akiwa ameulalia, hufanana na ngozi yake, na mpimaji mwenye haraka atapima nafasi isiyohusika. Mtoto wetu alikuwa ameinamisha kidevu kifuani. Mpimaji, dada mmoja mpole asiye na maneno mengi, alimwomba mdogo wangu akohoe, kisha ageuke ubavu, kisha aamke akatembee kwenye ukumbi na kwenda haja ndogo, na foleni ya nje ilipoanza kunung'unika, yeye hakubadili mwendo wake. Mtoto alipojirusha mbali na utando na shingo yake ikakaa sawa, alipima zaidi ya mara moja, akachukua kipimo kikubwa zaidi kati ya vile vilivyokidhi masharti, kama utaratibu unavyotaka. Urefu wa mtoto ulikuwa milimita 63. Maji ya nyuma ya shingo yalikuwa milimita 3.7.

Hakusema neno la kutisha, wala hakujifanya kwamba hakuna kitu. Alisema kwamba kipimo kimoja kimezidi kiwango na kwamba daktari ataingia sasa hivi kukieleza, na kweli daktari aliingia kabla mdogo wangu hajamaliza kujifuta jeli tumboni. Wanaoendesha vituo vya altrasaundi wangezingatia hilo peke yake, akina mama wengi wangenusurika na usiku mbaya. Nimekwisha kusikia mara nyingi mno habari za mama aliyefungiwa majibu kwenye bahasha, akaambiwa ampelekee daktari wake wiki ijayo, akaenda kuifungua ndani ya daladala.

Daktari alikaa kwenye kiti, akamgeukia mdogo wangu na mumewe, na maneno yake niliyaandika nilipofika nyumbani. "Dada, nyuma ya shingo ya mtoto kuna maji mengi kuliko tunavyotarajia. Hiki ni kipimo cha kuchuja. Hakina uwezo wa kuniambia kwamba mtoto ana ugonjwa, kina uwezo wa kuniambia kwamba nimchunguze zaidi." Shemeji, ambaye alikuwa amesimama wima muda wote, aliuliza swali ambalo nadhani kila baba angeuliza: "Kwa hiyo daktari, mtoto ni mzima au si mzima?" Daktari alimjibu kwamba hajui, kwamba hakuna mtu yeyote duniani ambaye angejua kwa kutazama picha ile peke yake, na kwamba atawaonyesha njia za kujua. Nililipenda jibu hilo kuliko faraja yoyote ambayo angeweza kuitunga.

Alifafanua namba kwa utaratibu. Kwa watoto wenye urefu wa milimita 45, watoto 95 kati ya 100 wana maji yasiyozidi milimita 2.1 hivi, kwa wenye urefu wa milimita 84, kiwango hicho ni 2.7 hivi, na milimita 3.5 huzidiwa na mtoto 1 tu kati ya 100, awe na urefu wowote katika kipindi hicho. Kipimo cha 3.7 kilikuwa juu ya mstari huo. Katika takwimu zilizokusanywa London, mimba zenye kipimo cha kati ya 3.5 na 4.4 zilikuwa na hitilafu ya kromosomu kwa kiasi cha 1 kati ya 5, na kwa ujumla kama 7 kati ya 10 ziliishia kwa mtoto aliyezaliwa hai bila kasoro kubwa. Kipimo kikipanda, hali hubadilika upesi: kwa watoto wenye maji ya milimita 6.5 au zaidi, waliozaliwa hai bila kasoro kubwa walikuwa kama 15 tu katika 100. Kwa hiyo neno "si ya kawaida" linabeba hali zinazotofautiana sana, na mama anayeambiwa neno hilo bila kutajiwa namba yake ameambiwa nusu ya jambo. Daktari aliongeza kwamba maji haya kwa kawaida hupungua yenyewe baada ya wiki ya 14, na kwamba kupungua huko hakufuti maana ya kipimo cha leo; anayeshauriwa asubiri apime tena mwezi wa nne wa mimba ili aone kama yameisha, ameshauriwa vibaya.

Siku ileile ilichukuliwa damu ya kupima protini mbili zinazotoka kwenye kondo, ili majibu yake yaunganishwe na umri wa mama na kipimo cha shingo. Mchanganyiko huo hugundua takriban mimba 85 hadi 90 katika kila 100 zenye sindromu ya Down, yaani hali ya mtoto kuwa na kromosomu ya 21 ya ziada, huku ukiwatia hofu bure akina mama kama 5 katika kila 100 ambao watoto wao hawana hitilafu hiyo. Jibu la mdogo wangu lilikuja kama uwezekano wa 1 kati ya 12. Hapa daktari alifanya jambo dogo ambalo nimelisimulia kwa kila mtu: alichukua karatasi, akachora duara 12, akaijaza wino moja, akamwachia mdogo wangu aitazame kimya. Wanawake 12 wenye majibu kama yako, alisema, mmoja wao ana mtoto mwenye kromosomu ya 21 ya ziada na 11 hawana. Nisichoweza kukuambia ni kama wewe ni yule mmoja. Kisha akakumbusha kwamba hesabu hiyo ni ya sindromu ya Down peke yake, na kwamba moyo na kromosomu nyingine zina hesabu zake.

Ninakaa kidogo kwenye hesabu hii kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopotea. Katika mpango wa uchunguzi wa Uingereza, mama mwenye uwezekano wa 1 kati ya 150 au zaidi ya hapo huwekwa kundi la uwezekano mkubwa, na mwenye 1 kati ya 151 huwekwa kundi la uwezekano mdogo, ingawa hali yake inakaribiana kabisa na ya mwenye 1 kati ya 150. Mama mwenye 1 kati ya 140 atasoma kwenye karatasi kwamba yuko hatarini, na hali katika kila wanawake 140 kama yeye, 139 wanabeba watoto wasio na hitilafu hiyo. Vivyo hivyo, aliyeandikiwa kwamba uwezekano wake ni mdogo hajaahidiwa kwamba hakuna kitu. Mama aombe namba yake. Akipewa neno "kubwa" au "ndogo" peke yake, aulize tena kwa adabu mpaka apewe.

Udhaifu wa kituo ulianza kwenye dirisha la malipo. Kabla daktari hajamaliza kutueleza hatua zinazofuata, mhudumu alikuwa amekwisha kumwita shemeji pembeni na kumpa bei ya kipimo cha vinasaba vya mtoto katika damu ya mama, akimwambia kwamba hicho "kinamaliza kila kitu". Hakimalizi. Ni kipimo kizuri mno, kilichotokana na ugunduzi wa Dennis Lo na wenzake, waliochapisha mwaka 1997 kwamba vipande vya vinasaba vya mtoto huelea katika damu ya mama, na kwa sindromu ya Down hugundua zaidi ya mimba 99 katika 100. Hata hivyo nacho ni cha kuchuja. Vipande hivyo hutoka hasa kwenye kondo, na mara chache kondo na mtoto hutofautiana. Tena kwa kawaida kinaangalia kromosomu chache tu, wakati maji mengi nyuma ya shingo yanaweza kutokana na hitilafu nyingine nyingi ambazo hakizigusi. Daktari alikieleza sawasawa, na akasema wazi kwamba kwa kipimo kilichovuka 3.5, jibu la uhakika zaidi hupatikana kwa kuchukua chembe za kondo kuanzia wiki ya 11 au maji ya chupa ya uzazi kuanzia wiki ya 15, kwa sindano inayoongozwa na altrasaundi, ambayo katika mikono yenye uzoefu huongeza hatari ya mimba kutoka kwa kiasi kisichofikia 1 kati ya 200. Mhudumu wa dirishani hakupaswa kumtangulia. Familia iliyo katika hofu hununua chochote inachopewa, na kituo chenye heshima hakiwezi kuruhusu bei ifike masikioni kabla ya maelezo.

Mdogo wangu, baada ya kuzungumza na mumewe, alichagua damu kwanza na sindano baadaye ikilazimu. Sampuli ilipelekwa nje ya nchi na majibu yalichukua muda mrefu kuliko tulivyoambiwa, bila mtu yeyote wa kituo kutupigia simu. Sisi ndio tuliokuwa tukipiga. Yalipokuja, yalionyesha uwezekano mdogo sana wa kromosomu za ziada zilizopimwa. Daktari hakumwambia kwamba sasa yote yamepita. Alimwandikia uchunguzi wa viungo wa wiki ya 20 na uchunguzi wa moyo wa mtoto kwa mtaalamu wake, akieleza kwamba hitilafu za moyo ni miongoni mwa sababu kuu za maji hayo kwa watoto wenye kromosomu kamili. Uchunguzi huo ulikuta tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya chini vya moyo.

Wapo ndugu waliouliza kuna faida gani ya kuyajua yote haya mapema, hasa katika nchi ambayo sheria yake hairuhusu kutoa mimba ila kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama. Nimelifikiri swali hilo kwa uzito, kwa kuwa limeulizwa na watu wanaotupenda. Faida niliyoiona ni hii: mimba iliyokuwa ifuatiliwe na kituo cha afya cha mtaani ilihamishiwa hospitali kubwa, mahali pa kujifungulia palichaguliwa kwa sababu pana daktari wa watoto wachanga, na mtoto alipozaliwa hakuna aliyesubiri abadilike rangi ndipo atafutiwe daktari wa moyo. Tundu lake linafuatiliwa. Huenda likajifunga lenyewe, kama mengi ya aina hiyo yanavyofanya, na kama halitajifunga, upasuaji wa moyo wa watoto unafanyika hapahapa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Na kama jibu lingekuwa sindromu ya Down, wazazi wangekuwa na miezi ya kujifunza na kujipanga kabla ya kumpokea mtoto wao. Kuna wazazi ambao wangependa wasijue kabisa, na daktari aliwauliza mdogo wangu na mumewe kama wao ni miongoni mwao, kabla ya kuanza kupima. Swali hilo linastahili kuulizwa kila mahali.

Jambo jingine ninalomshukuru daktari ni jinsi alivyoiondoa lawama. Mama mkwe, ambaye alikuja siku ya majibu ya damu, alitaka kujua kama chanzo ni sindano za uzazi wa mpango ambazo mkwewe alizitumia, au ni mambo ya husuda. Daktari alimwita "mama", akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamweleza kwamba kromosomu ya ziada hutokea kwa kawaida pale yai linapogawanyika vibaya, kwamba jambo hilo huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea, kutoka kama 1 kati ya 1,500 kwa mama anayejifungua akiwa na miaka 20 hadi kama 1 kati ya 100 akiwa na miaka 40, na kwamba hakuna sindano, chakula wala jicho la jirani linalolisababisha. Mama mkwe hakusema kitu, ila kuanzia siku hiyo ndiye aliyekuwa akimsindikiza mkwewe kliniki.

Nimalizie malalamiko. Karatasi ya majibu ya kituo hiki ni mbaya, na ni mbaya kwa namna inayoweza kuumiza. Imeandikwa Kiingereza kitupu, ina maneno mawili ya hatari kwa herufi kubwa nyekundu, na haina hata sentensi moja inayosema kwamba hicho ni kipimo cha kuchuja. Maelezo yote mazuri ya daktari yalibaki hewani, na karatasi ndiyo iliyokwenda nyumbani. Shemeji aliipiga picha akamtumia ndugu mmoja kwa WhatsApp, na usiku uleule familia nzima ilikuwa imekwisha kuamini kwamba mtoto hatazaliwa hai. Nimeuandikia uongozi nikipendekeza ukurasa wa pili kwa Kiswahili, wenye urefu wa mtoto, kipimo cha shingo na kiwango chake cha kawaida, uwezekano wa mama kabla ya kipimo na baada ya kipimo, jina la mpimaji, hatua inayofuata pamoja na tarehe yake, na namba ya simu ya mtu atakayepokea. Wamejibu kwamba wanalifanyia kazi.

Bei ni karibu mara tatu ya altrasaundi ya kawaida, bila kuhesabu damu, na bima ya mdogo wangu haikuigharimia. Kwa familia nyingi ni fedha nyingi, na singemshauri mtu akope ili aipate. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate walau altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na hiyo hupatikana kwa bei nafuu zaidi katika hospitali nyingi za umma. Lakini kwa mama mwenye uwezo, hasa aliyekwisha kuambiwa mahali pengine kwamba kuna jambo lisilo la kawaida, nakipendekeza kituo hiki bila kusita, kwa sharti kwamba aombe kuonana na daktari mwenyewe kabla ya kulipia kipimo chochote cha ziada. Aende na kadi ya kliniki na picha zake za awali, aende na mtu wa kumsaidia kusikiliza na kuandika, na ahesabu siku zake vizuri, kwa sababu mtoto akishapita milimita 84 kipimo cha shingo hakifanyiki tena, na nafasi ya miadi hapo Upanga inaweza kuchukua zaidi ya wiki moja kupatikana.